Shamba Lililo Chini ya Maji

Mama alisimama ukingoni mwa mchanga, kanga ya pili ameifunga kiunoni kama anayekwenda kupalilia, akatazama mbele kwa muda mrefu bila kusema neno. Ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi, pwani ya Utende, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Mafia. Jana yake jioni tulipofika, maji yalikuwa yakilamba mizizi ya mikoko. Asubuhi hii bahari haikuwapo. Palikuwa na uwanda wa mchanga, tope na nyasi za baharini uliokwenda mpaka macho yakachoka. Mashua zilizoelea jana zilikuwa zimelala ubavu kama ng'ombe wakicheua. Na kote uwandani, wawili wawili, watatu watatu, wanawake walikuwa wameinama.

"Shamba hili la nani?" akaniuliza.

Mama yangu ni mkulima wa Iramba, mkoani Singida. Amelima mtama, alizeti na vitunguu tangu hajaolewa, na katika miaka yake sitini na minane alikuwa hajaiona bahari. Mimi ninaishi Dar es Salaam mwaka wa kumi na tisa sasa, na nikihesabu mara nilizokwenda ufukweni hazizidi vidole vya mikono miwili. Kwetu sisi watu wa bara likizo ni kurudi nyumbani: basi la alfajiri, mifuko ya sukari, misiba iliyopita kutolewa pole. Ufukwe tumeuacha kwa wageni na kwa kalenda za ukutani. Mwaka huu niliamua kugeuza. Mavuno yalikuwa yameshaingia ghalani, mvua za Singida hazijaanza, ikawa mwisho wa Oktoba. Nikamwambia mama aje Dar, kisha tukapanda basi Mbagala Rangi Tatu.

Safari yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyoidhani. Unapita Mkuranga, unafika Bungu, unaiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto hadi Nyamisati, bandari ndogo iliyojificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Pale unangoja kivuko, na kivuko nacho hungoja maji. Kikishatoka, mwendo wa mwanzo ni wa mto: mikoko kulia, mikoko kushoto, maji rangi ya chai ya maziwa. Ni katika vijito hivi manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha mwaka 1914. Waingereza waliikamata Mafia mapema 1915, wakarusha ndege kutoka kisiwani kuitafuta, na Julai mwaka huo ikaangamizwa mtoni. Mara mikoko inaisha, rangi ya maji inageuka, na mbele hakuna kitu ila bahari.

Mama alichota maji kidogo kwa kopo alilofungiwa kamba na baharia, akaonja. "Kama Singidani," akasema. Ziwa Singidani lile la mjini kwetu, ambalo maji yake ni ya chumvi. Kuanzia hapo hofu ilimtoka, akalala hadi Kilindoni, bandari ya Mafia.

Nirudi Utende. Nahodha tuliyepatana naye alikuwa ametuambia tuwe pwani saa moja. Sisi tulikaa na vitumbua na chai ya mchaichai mpaka tukasahau, na tulipotoka mashua yake ilikuwa juu ya mchanga, na yeye mwenyewe ameketi kivulini anashona tanga. Hakukasirika. Alimwamkia mama, akamwekea kiti, kisha akatueleza kitu ambacho kingefaa kibandikwe ukutani katika kila nyumba ya wageni ya pwani hii. Mwezi ukiandama na mwezi ukikamilika, ni bamvua: maji hujaa sana yapata saa kumi, alasiri na alfajiri, na hutoka kabisa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele, kwa wastani dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: bahari haijai sana wala haitoki sana. Ukijua mwezi uko wapi, umejua siku yako itakuwaje. Kupiga mbizi, kwenda kisiwa cha Chole, kutembea mwambani, kuogelea tu mbele ya nyumba, vyote vina saa yake, na mwenye saa si wewe.

"Basi leo mmepata siku ya pweza," akasema. "Nendeni mkatembee. Vaeni viatu."

Tulivaa raba, na hilo nalisisitiza, kwa maana chini kuna miiba ya baharini myeusi mirefu kama sindano za kushonea magunia, na mawe ya matumbawe yanayokata kama chupa. Tulitembea karibu nusu saa ndipo tukawafikia wanawake wale. Mama, kama angefanya akipita kando ya shamba la mtu, alipiga hodi. Dada mmoja wa makamo akainua kichwa, akatuitikia karibu, na akaturuhusu tumfuate.

Nimeona mengi Mafia, lakini saa mbili zile ndizo ninazozirudia. Alikuwa na kijiti kirefu kilichochongwa ncha na kamba ya kutungia mawindo. Hakuwa akitafuta pweza, alikuwa akitafuta uchafu wa pweza. Pweza akila kaa au chaza hutupa maganda mlangoni, na mlango wake wenyewe ni tundu la kawaida katika jiwe ambalo mimi ningelipita mara mia. Dada yule alisimama, akanionyesha vipande vitatu vya gamba la kaa, vyeupe, bado vina unyevu wa ndani. "Huyu kala leo," akasema. Akaingiza kijiti taratibu, akakizungusha kama anayekoroga uji, akangoja. Kijiti kikashikwa. Niliona mkono mmoja wa kahawia ukijiviringisha juu yake, vikombe vyake vidogo vikifungua na kufunga, na ngozi ikigeuka mbele ya macho yangu: kahawia, kijivu, wekundu wa matofali, madoa meupe, tena kahawia. Yeye hakuvuta kwa nguvu. Alivuta, akalegeza, akavuta, mpaka mnyama mzima akatoka na kumwagika juu ya jiwe.

Aliyefuata hakumchukua. Alikuwa mdogo, si zaidi ya kiganja. Alimwonyesha mama, akamwachia arudi tunduni, akalisawazisha jiwe mahali pake. Mama alimuuliza atamjuaje kesho. Akajibu kwamba kila mmoja wao anayajua mawe yake, mengine ameonyeshwa na mama yake mzazi, na kwamba jiwe likipinduliwa na kuachwa vile, pweza hahamii tena. Kisha mama akauliza maswali ambayo mimi nisingeyawaza: msimu gani ni wa njaa, nani hununua na kwa bei gani, je, wako wanaoingia katika sehemu ya mwenzao. Wakazungumza hivyo, wameinama wote wawili, mmoja wa bara na mmoja wa pwani, na mimi nyuma yao nikitupia macho vitu vingine: viti vya pweza vyekundu vyenye nundu, majongoo bahari, kisamaki kilichonaswa kwenye dimbwi lisilozidi sahani. Maji yalipoanza kurudi hayakuja kwa wimbi. Yalikuja kwa chini, kimya, yakijaza nyayo zetu moja moja. Dada akaangalia kidogo tu, akasema, "Twendeni," na hakuna aliyebishana.

Nasema haya kwa sababu picha za fukwe tunazoonyeshwa zimefagiliwa watu. Mnazi umeinama, mchanga mweupe, bahari ya buluu, basi. Atakayekuja Mafia na picha hiyo kichwani atahuzunika asubuhi ya kwanza maji yakitoka, atauliza bahari imekwenda wapi na atarudi chumbani. Mchanga mweupe upo, tena mzuri sana: katika mafungu ya Marimbani na Mange, ambayo huibuka maji yakitoka na kuzama yakijaa, unaweza kushinda ukiogelea na kula samaki wa kuchoma chini ya kivuli cha tanga. Tulikwenda Marimbani na tulifurahi. Lakini mtu aliyeona mafungu tu ameona ua wa nyumba, hajaingia ndani.

Chole tulikwenda kesho yake alasiri, maji yamejaa, dakika chache tu kwa mashua kutoka Utende. Ni kisiwa kidogo cha vichochoro vya mchanga, miembe, michungwa na mibuyu. Zamani za masultani wa Unguja hapa ndipo palikuwa mji. Wenye mali waliishi Chole, na kisiwa kikubwa ng'ambo, kilichojaa minazi iliyohudumiwa na watumwa, kilijulikana kama Chole Shamba. Baada ya mapatano ya 1890 na Waingereza, Wajerumani wakaichukua Mafia, nao wakaanza kutawala hapahapa, hadi 1913 walipohamia Kilindoni ambako meli kubwa zinaweza kutia nanga. Mji ukabaki bila kazi. Sasa majengo yake yamekaliwa na miti. Mizizi imeshuka juu ya kuta, imepita madirishani, imekumbatia pembe za nyumba iliyokuwa gereza. Mama alizunguka ukuta mmoja mara mbili, akaugusa, akauliza kama ni mti unaoushika ukuta au ukuta unaoushika mti. Mwenyeji aliyekuwa akitutembeza alisema wakiukata mti, ukuta utaanguka siku hiyohiyo.

Popo wa Chole si popo wa darini. Hawa ni wale wakubwa walao matunda, nyuso zao kama za mbweha, jamii ambayo makao yake ni visiwa vya Komoro na hapa Mafia. Mchana hulala wananing'inia kwa mamia katika miti mikubwa katikati ya kijiji, wakigombana kwa sauti na kujipepea kwa bawa moja. Watu wa Chole wameamua kuwalinda, na miti wanayolala haiguswi. Jua lilipokuwa likizama, mmoja akaachia tawi, wakafuata kumi, kisha mbingu ikajaa. Wengi wao hawakwenda moja kwa moja kwenye matunda. Walishuka baharini, wakagusa maji kwa kifua wakiruka kwa kasi, wakapanda tena. Mwenyeji wetu alisema wakishatua hujilamba yale maji manyoyani. Tulirudi Utende gizani, tukashuka mashuani na kutembea katika maji ya magoti, mama amenishika mkono, na kila tulipokanyaga maji yalimeta vijicheche vya kijani.

Juani, kisiwa cha pili, nitakipita haraka ingawa hakistahili haraka. Upande wake wa mashariki, unaotazama bahari kuu, kasa hupanda kutaga. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, na walinzi wa kijijini huhesabu siku ili wageni waweze kuja kutazama watoto wa kasa wakitoka. Msimu mzuri ni kati ya Juni na Septemba, sisi tulikuwa tumeukosa. Upande wa magharibi kuna magofu ya Kua, mji wa mawe wenye misikiti, makaburi na nyumba ya kifalme, uliokufa mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kuvamiwa na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska. Wenyeji husimulia kisa kingine cha zamani zaidi. Watu wa Kisimani, mji uliokuwa upande wa pili wa Mafia, waliwateka watoto wa Kua, wakawalaza pwani na kushusha chombo kipya juu ya miili yao. Kua wakanyamaza miaka. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini ya ardhi, na karamu ikiendelea wakaujenga mlango. Kisimani yenyewe sehemu kubwa imeliwa na bahari. Mama alitaka tuondoke Kua kabla ya alasiri, na niliheshimu.

Jibondo ndipo nilipotaka kufika kuliko kote. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, udongo haba, maji ya kunywa ya shida, na watu wake wamekuwa mabaharia na mafundi wa vyombo tangu zamani. Pwani palikuwa na jahazi changa juu ya magogo, mkuku umeshalala, mataruma yamesimama kama mbavu za mnyama mkubwa, mbao zimepanda hadi kifuani. Hapakuwa na mchoro popote. Fundi mkuu, mzee mwembamba wa kofia ya kiua, alikuwa akitia kalafati. Pamba ilikuwa imesokotwa kamba nyembamba na kuloweshwa mafuta. Aliilaza kwenye ufa kati ya mbao mbili, akaisukuma kwa patasi butu, akaigonga kwa nyundo ya mti. Tok, tok, tok. Nilimwona ameinamisha kichwa upande, kama anayesikiliza redio ya jirani. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akanipa nyundo, akaniambia nigonge. Sauti yangu ilikuwa nene, kama ya kugonga mto wa kulalia. Akagonga yeye, pembeni yake tu, ikatoka sauti kavu yenye mlio. "Hii imefunga," akasema. "Ile yako maji yataijua." Niligonga tena mpaka mlio ukabadilika, na nakiri furaha niliyoipata ni ya kitoto. Mti wa mataruma huchaguliwa ungali msituni, alieleza, unatafutwa ule uliojikunja wenyewe kwa mkunjo unaotakiwa, kwa maana mti ulionyooka ukiukunja kwa nguvu siku moja utataka kurudi.

Siku ya mwisho ilikuwa ya papa potwe. Hawa huonekana mbele ya Kilindoni, upande wa magharibi, kuanzia Oktoba hadi Machi hivi. Watafiti wamewafungia vifaa vya kufuatilia na kugundua kwamba wengi hawaendi mbali. Miezi mingine wako palepale Mafia, ila wamejitenga na pwani na kuzama chini zaidi. Huja juu kufuata uduvi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana habari na nyama ya mtu. Wenzetu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi kwa madoa yake, na husema Mungu alimmwagia sarafu mgongoni.

Nahodha alizima injini. Nilivaa miwani ya maji na mrija, nikaingia. Kwa muda sikuona ila vumbi la uduvi katika maji ya kijani. Kisha vumbi lile likafunguka, mdomo mpana kama mlango wa kabati ukatokea, ukapita. Nyuma ya mdomo kichwa, nyuma ya kichwa madoa, madoa, madoa, mita sita au saba za madoa, na visamaki vidogo chini ya tumbo vikitembea naye kama watoto nyuma ya harusi. Mkia ulipita taratibu, na msukumo wake wa maji ukanigeuza. Kumgusa ni marufuku, kumkata njia ni marufuku, na mwongozaji wetu alikuwa mkali katika hilo. Nilimpenda kwa ukali wake. Nilipopanda mashuani nikitetemeka, mama alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, amemwona kwa juu. "Ana madoa kama kanga wa porini," akasema. "Amekula nini akawa hivyo?" Nikamwonyesha uduvi kwenye kiganja, mdogo mno. Hakuniamini hadi nahodha alipoapa.

Nahodha huyo alikulia enzi za uvuvi wa baruti. Alitusimulia alivyokuwa mtoto, akipiga mbizi anasikia mlio chini ya maji, dum, halafu samaki wanaelea matumbo juu na mwamba umekuwa kifusi. Matumbawe yalichimbwa pia kwa ajili ya kuchoma chokaa. Ndiyo sababu Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, kilomita za mraba 822, na vijiji ndani yake. Yako maeneo yasiyovuliwa kabisa, yako yanayovuliwa kwa masharti. Miaka mitatu baadaye, 1998, maji yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi yakafa meupe, hata yale ambayo hakuna aliyeyapiga. Mengine yamerudi. Tulipoogelea katika mlango wa bahari wa Kinasi niliyaona yakiwa hai, zambarau na njano, pono wakiyatafuna kwa sauti inayosikika. Ada ya hifadhi hulipwa pale getini kabla ya kuingia Utende, na Mtanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni. Ningependa Watanzania wengi zaidi tuilipe.

Nikiulizwa ushauri, nasema hivi. Nenda wakati wa tanga mbili, kusi limetulia na kaskazi halijashika, bahari inakuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Kaa siku tano angalau, ili uone maji yakibadilisha saa. Chukua mtembezaji wa kijiji husika, Chole wa Chole, Jibondo wa Jibondo, kwa maana kila kisiwa kina maneno yake. Vijijini funika mabega na magoti, ni nyumbani kwa watu na ni watu wa dini. Kombe na matumbawe viache vilipo. Na ukiona mtu ameinama pwani, piga hodi.

Asubuhi ya kuondoka nilipoamka kitanda cha mama kilikuwa kitupu. Nilimwona kutoka barazani, mbali kwenye uwanda, kanga yake ya kijani kando ya kanga nyekundu ya dada yule, migongo miwili imeinama juu ya jiwe moja. Nilimngoja mpaka maji yakamrudisha.

Ameshapanda mtama sasa. Juzi usiku alinipigia simu kutoka Iramba, na kabla hajaniuliza habari za wajukuu, akaniambia mwezi huko kwao umekamilika, mweupe, umetokea juu ya mlima. Akataka kujua kama kesho saa nne wenzake watashuka.